Tusiwafundishe Vijana Kuhesabu Wafuasi

Niliitwa kwenye kikao katika chuo kimoja hapa nchini. Tulikuwa watu saba kuzunguka meza moja, na kazi tuliyoitiwa ilikuwa kutunga kozi mpya ya muhula mmoja kwa vijana wanaosomea uandishi wa maelezo ya kiufundi. Hao ndio ambao kesho wataandika ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, kijitabu cha kuendeshea pampu ya maji, na tangazo la kueleza namna ya kuingiza namba za luku. Kozi yenyewe ilihusu mitandao ya kijamii. Mimi niliitwa kwa kuwa nimeifanya kazi hiyo ya kuandika maelezo kwa miaka mingi, na nadhani pia kwa kuwa nimestaafu na sina udhuru.

Rasimu ilikuwa tayari. Wiki 15 zilikuwa zimegawanywa hivi: wiki moja ya utangulizi; wiki sita za mitandao yenyewe mmoja mmoja, Facebook wiki yake, Instagram wiki yake, na kadhalika; wiki tatu za kukuza idadi ya wafuasi; wiki mbili za matangazo ya kulipia; wiki mbili za wanafunzi kuonyesha kazi zao; na wiki ya mwisho, ile ambayo mwanafunzi anawaza mtihani na nauli ya kwenda nyumbani, ilipewa jina la "Maadili na Sheria". Katika alama 40 za kazi za muhula, alama 10 zilitengwa kwa ajili ya idadi ya wafuasi ambao akaunti ya mwanafunzi ingekuwa imewapata.

Niliisoma mara mbili, kisha nikasema mbele ya wote kwamba kozi hii inafundisha kupiga debe. Mpiga debe pale stendi ana kazi yake ya halali, nami simdharau. Anaita abiria na basi linajaa. Lakini hajui breki zikoje, wala hatakuwamo ndani ya basi litakapofika kwenye mteremko. Sisi tuliitwa kufundisha watu wanaotakiwa kuzijua breki.

Wenzangu hawakufurahi. Nami sikuridhika na maneno machache niliyoyasema siku ile, ndiyo maana nayaandika hapa kwa kirefu.

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili linaniuma. Zamani kidogo niliandika maelezo ya dawa ya kuulia wadudu wa nyanya kwa kampuni moja iliyokuwa ikiiagiza kutoka nje. Dawa iliuzwa kwenye chupa ndogo ya robo lita. Nilikwenda mashambani nikaona kwamba wakulima wengi hawana kipimo cha mililita. Wana bomba la kupulizia la lita 15 na wana kifuniko cha chupa. Kifuniko kile kilibeba mililita 10. Basi nikaandika: tia vifuniko viwili vya dawa kwenye bomba moja lililojaa maji. Nilijisifu moyoni, na hadi leo naamini kwamba kwa siku ile na kwa chupa ile, ilikuwa sentensi njema. Mkulima aliielewa bila kuuliza.

Miaka ikapita. Kampuni ikaleta chupa ya lita moja, yenye kifuniko kikubwa cha mililita 30. Maelezo mapya yakaandikwa upya, kwa mililita, na kikombe kidogo cha kupimia kikawekwa ndani ya boksi. Kila kitu kilifanywa inavyopasa. Ila sentensi yangu haikufa. Mtu fulani, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameinakili kwenye kundi la WhatsApp la wakulima, na kutoka hapo ikawa inatembea kutoka simu hadi simu, bila boksi lake, bila chupa yake na bila tarehe yake.

Shemeji yangu analima nyanya Ilula, mkoani Iringa. Wanaopita barabara kuu ya kwenda Mbeya wanapajua. Matenga ya nyanya hupangwa pale kando ya lami. Msimu mmoja aliazima kikombe kwa jirani, akakikosa, akafungua simu na kutafuta kipimo. Akakuta: vifuniko viwili. Akatia vifuniko viwili vya chupa mpya, yaani dawa mara tatu ya ile iliyotakiwa, akapuliza robo ekari. Majani yakajikunja na kuungua kingo. Macho yake mwenyewe yaliwasha siku mbili. Matenga aliyokuwa amekwisha kumwahidi mnunuzi hayakupatikana, na mkopo wa vikoba ukabaki palepale.

Nilipokwenda kumpa pole nilimwuliza kwa nini hakusoma karatasi ya kwenye boksi. Akanipa simu. "Shemeji, mimi nimefuata kama ilivyoandikwa. Soma mwenyewe." Nikasoma, na nikaitambua sentensi yangu, mpaka koma yake. Sikumwambia siku ile kwamba mwandishi ni mimi. Nilimwambia baadaye, akacheka, lakini mimi sijacheka hadi leo.

Sasa msomaji, hebu tutafute mkosaji. Siku hizi kila anayezungumzia mitandao huzungumzia uongo: habari za uongo, picha za kughushi, matapeli. Hayo yapo na ni mabaya. Lakini katika kisa hiki hakuna aliyedanganya. Sikudanganya mimi, hakudanganya aliyenakili, na kampuni ilifanya wajibu wake. Kilichotokea ni kwamba maneno yalitengana na kitu yaliyokuwa yakikieleza. Zamani maelezo yalikuwa yamefungwa pamoja na chupa. Chupa ikiisha, karatasi inatupwa, na maneno yanakufa nayo. Mtandaoni maneno hayafi. Huo ndio ugeni wa mitandao kwa mtu wa kazi yetu, na katika wiki zote 15 za rasimu ile haukutajwa hata kwa saa moja.

Msomaji wa tangazo la biashara akisoma vibaya, atanunua kitu asichokihitaji. Msomaji wa gazeti akisoma vibaya, atabishana na jirani. Msomaji wetu sisi anasoma huku mkono umeshika kitu: bomba, sindano, waya wa umeme. Akimaliza sentensi anatenda. Kwa hiyo kozi yetu haiwezi kuwa ileile wanayofundishwa watu wa masoko, hata kama simu ni ileile na mtandao ni uleule.

Yupo mhadhiri kijana kikaoni aliyenijibu kwa heshima. Alisema, "Mzee, waajiri wanataka mtu anayejua kuendesha akaunti. Tukiwanyima vijana ujuzi huo, tutawapeleka mtaani mikono mitupu." Hoja hiyo si ya kupuuza. Kijana aliyehitimu ana mkopo wa kulipa na wazazi wanaomtazama. Lakini hebu tuangalie huo ujuzi unaishi muda gani. Vine ilianza mwaka 2013, na Januari 2017 ikafungwa. Google+ ilianza mwaka 2011 kwa kishindo, na Aprili 2019 watu wa kawaida wakafungiwa mlango. Twitter iliyoanza mwaka 2006 iliitwa X mwaka 2023, na masharti yake mengi yakabadilika pamoja na jina. Mwanafunzi aliyetumia wiki nzima kujifunza vitufe vya Vine mwaka ule ilipoanza, alikuwa bado analipa mkopo wa masomo ilipozikwa. Vitufe kijana atajifunza mwenyewe kwa siku mbili, tena kwa kufundishwa na mdogo wake. Chuo kikuu kilipwe ada kwa kufundisha kile ambacho mdogo wake hawezi kumfundisha.

Upande wa pili wa meza alikaa profesa mmoja wa siku nyingi ambaye hakutaka kozi hii kabisa. Kwake mitandao ni baraza la umbeya, na chuo kisijishushe kwenda kuketi barazani. Huyu naye nampinga, pengine zaidi ya yule kijana. Baraza ndiko watu wanakouliza. Mtu asiyeelewa karatasi yangu haniandikii barua. Anauliza kwenye kundi la jirani zake, na jirani asiyejua zaidi yake anamjibu. Tukikataa kuwapo pale, jibu litatolewa bila sisi. Profesa akumbuke pia yaliyotokea Kenya mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Vijana wachache walitengeneza mfumo wakauita Ushahidi, ambao ulipokea taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi kwa simu na intaneti na kuziweka kwenye ramani. Kazi ile ilianza kwa kusikiliza watu, na baadaye mfumo huo ukatumiwa katika maafa ya nchi nyingine. Hilo nalo ni baraza, na sidhani kama kuna chuo kingeona aibu kulisomesha.

Basi mimi ningetunga kozi gani? Nisije nikawa kama wale wanaobomoa nyumba bila kuwa na tofali.

Kwanza, wiki nne za mwanzo mwanafunzi asiandike neno. Asikilize. Achague kifaa kimoja au dawa moja, akusanye maswali 50 ambayo watu wanayauliza juu yake katika mitandao, ayapange, kisha achukue maelezo rasmi ya kitu hicho na kutafuta ni sentensi ipi iliyozaa kila swali. Atashangaa. Ataona kwamba maswali 30 kati ya 50 yanatokana na mstari mmoja, na kwamba mstari huo umeandikwa na mtu aliyesoma kuliko yeye.

Pili, ajifunze kuandika ujumbe unaoweza kusimama peke yake hata ukikatwa na kubebwa mbali. Kila ujumbe utaje kitu unachokieleza pamoja na ukubwa wa chupa au toleo lake. Uwe na tarehe ndani ya maneno yenyewe, kwa sababu alama ya WhatsApp inayoonyesha kwamba ujumbe umesambazwa haisemi uliandikwa lini. Kipimo kiwe cha kizio kisichobadilika. Kifuniko kikitajwa, mililita zake zitajwe pia. Na onyo likae katika sentensi moja na maagizo, maana onyo lililowekwa aya ya chini ndilo la kwanza kuachwa nyuma. Kama ningeandika "kifuniko cha chupa ya robo lita, yaani mililita 10", huenda shemeji yangu angesita. Maneno machache tu yalipungua.

Tatu, ajifunze kusahihisha. Hili ni somo gumu, na sijaona likipewa nafasi yake. Watu wengi hudhani kwamba ukifuta ulichoandika umekwisha sahihisha. La hasha. Nakala iko kwenye simu za watu ambao hutawajua kamwe. Wenye WhatsApp wenyewe waliona mbio hizo, wakaanza kuweka vizuizi: mwaka 2019 walipunguza kwa dunia nzima mazungumzo ambayo mtu anaweza kuyasambazia ujumbe kwa mara moja hadi matano, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha sambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda mahali pamoja tu kwa mara moja. Hizo ni breki za mwenye gari. Mwandishi naye awe na zake: sahihisho lake limweleze msomaji kosa lenyewe lilivyo, ili aliyenalo mkononi alitambue, lisemwe sababu ya kubadilika, litumwe kulekule kosa lilikopita, kwa kiongozi wa kundi, kwa muuza duka la pembejeo, kwa bwana shamba. Mwanafunzi apewe kosa halisi la kulifukuza kwa wiki tatu, aone lilivyo na miguu.

Nne, ajue kwamba amejenga kwenye kiwanja cha mtu. Aprili 2023 mamlaka ya usafiri ya jiji la New York, yenye abiria mamilioni kwa siku, iliacha kutangaza hali ya treni na mabasi kwenye Twitter, baada ya mwenye mtandao kutaka kulipwa kwa njia ya kompyuta iliyotumika kupeleka matangazo hayo. Mwezi uliofuata masharti yalilegezwa kwa taasisi za umma, lakini somo lilikuwa limekwisha toka. Tarehe 4 Oktoba 2021, amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo iliuangusha mtandao wa ndani wa Facebook, na kwa muda wa saa sita hivi Facebook, Instagram na WhatsApp vikazimika dunia nzima kwa pamoja. Zahanati inayowaambia wagonjwa wake mambo yote kwa njia ya WhatsApp ilifanya nini saa hizo sita? Mwanafunzi atakiwe kuonyesha kwa kila mpango wake njia ya pili: redio, karatasi ukutani, kipaza sauti cha mtaa, namba ya kupiga.

Tano, lugha. Hapa najua nagusa kidonda. Katika vyuo vyetu tunafundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi hufanya mtihani kwa Kiingereza, kisha tunamtuma aende akaeleze dawa kwa watu wanaouliza kwa Kiswahili. Atafsiri kichwani, haraka haraka, na hapo ndipo vipimo vinapopotea. Lugha ya onyo si pambo. Mwaka 1971 Iraq iliagiza kutoka nje zaidi ya tani 90,000 za ngano na shayiri za mbegu zilizotiwa dawa ya zebaki ili zisioze. Magunia yalikuwa na onyo, tena kwa Kihispania na Kiingereza. Mbegu zilipakwa rangi kuonyesha kwamba si chakula. Wakulima hawakuweza kusoma onyo lile, rangi wakaiosha, rangi ikatoka na sumu ikabaki, wakaoka mikate. Kwa hesabu za serikali, zaidi ya watu 6,500 walilazwa hospitalini na 459 wakafa. Onyo lilikuwapo, aliyeliandika angeweza kusema ametimiza wajibu. Mimi nasema kozi ya uandishi wa maelezo isiyomtaka mwanafunzi aandike kwa lugha ya anayeshika gunia haijaanza bado.

Utaniuliza, na maadili je? Nimeyaacha? Sikuyaacha. Yamo katika kila wiki niliyoitaja. Kuyatengea wiki yake ya mwisho ni sawa na kumfundisha mtu udereva miezi mitatu, halafu siku ya kuondoka umwonyeshe breki.

Limebaki suala la alama. Rasimu ilitaka tuhesabu wafuasi. Lakini ile sentensi yangu ya vifuniko viwili ilikuwa na wafuasi wengi mno! Kama ingekuwa kazi ya darasa, ningepata alama zote 10, na nyanya za shemeji zingeungua vilevile. Mimi nilipendekeza mtihani mwingine, usiohitaji kompyuta. Mwanafunzi aandike ujumbe wa kueleza kipimo. Ujumbe upitishwe kwenye simu tano za watu wasiomjua. Mtu wa mwisho, awe mpishi wa kantini au mlinzi wa getini, apewe chupa iliyojaa maji ya rangi, bomba tupu na vikombe, aambiwe afanye kama alivyosoma. Kisha tupime mililita zilizomo ndani ya bomba. Zikiwa sawa, mwanafunzi amefaulu. Zikizidi, arudie, na ajue kwa nini.

Wenzangu walicheka kidogo, kisha wakaandika. Nisiwasingizie, walikuwa watu wa busara waliobanwa na muda. Mwisho wa kikao wiki mbili za vitufe ziliondolewa, mbili za kusikiliza zikawekwa badala yake, na alama za wafuasi zikapunguzwa kutoka 10 hadi 5. Mwenyekiti alinitazama kama mtu anayengoja kushukuriwa. Sikushukuru. Nilimwuliza hizo tano zilizobaki zinapima nini, akasema tutalitazama siku nyingine.

Siku hiyo nyingine bado haijafika, na wanafunzi wa kwanza watakuwa darasani kabla yake. Ombi langu kwa wahadhiri watakaoifundisha kozi hii ni dogo. Hizo alama tano msizitoe. Siku ya kwanza wachukueni vijana kwenye duka la pembejeo lililo karibu na chuo, mwambieni kila mmoja anunue chupa moja, apime kifuniko chake kwa sindano ya maji, aandike mililita ngapi. Wakirudi darasani walinganishe majibu yao. Hapo mtakuwa mmekwisha anza kufundisha.